Programu huru katika ofisi za serikali: kwa nini mji wa Munich ulirudi nyuma

Wengi katika makanisa yetu wanafanya kazi katika ofisi za serikali, shule na hospitali, na kutoka kwao tumesikia mara nyingi swali hili: kwa nini Leta inunue programu za kompyuta kwa dola nyingi wakati zipo za bure? Swali ni zuri. Jibu lake lilijaribiwa kwa ukubwa katika mji wa Munich, Ujerumani, na yaliyotokea huko yanatuhusu sisi wa Kivu, Ituri na Maniema kuliko inavyoonekana.

Programu huru ni ile ambayo maandishi yake ya ndani, yaani kodi, yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha, kuyanakili na kumpa jirani bila kuomba ruhusa. Linux inaendesha kompyuta mahali pa Windows. LibreOffice inaandika barua na hesabu mahali pa Word na Excel. Watu wanachanganya "huru" na "bure", na hapo mipango mingi inaanza vibaya. Leseni hailipiwi, ni kweli. Lakini mafunzo yanalipiwa, na fundi wa kuitwa saa nne asubuhi mashini inapokataa kuchapisha barua ya meya analipwa pia.

Mwaka 2003 baraza la mji wa Munich liliamua kuhamisha kompyuta zake, karibu 14,000, kutoka Windows kwenda Linux. Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft wakati huo, alifunga safari mwenyewe kwenda kumwona meya Christian Ude ili amgeuze. Meya hakugeuka. Kazi hiyo, iliyoitwa LiMux, ilimalizika mwaka 2013, na viongozi wa mji walitangaza kwamba wameokoa mamilioni ya euro.

Kwa nini ilichukua miaka kumi? Linux yenyewe haikuwa mzigo mkubwa. Kila idara ilikuwa na mafundi wake na desturi zake, na ndani ya Word na Excel zilikuwa zimekusanyika maelfu ya fomu, violezo vya barua na hesabu za kujiendesha zenyewe. Vyote vilipaswa kutengenezwa upya. Mafundi wa mji walilazimika kuandika programu yao wenyewe, WollMux, ili kusimamia violezo hivyo. Kisha barua ikitoka kwenda ofisi nyingine inayotumia Word, mistari inaruka, jedwali linavunjika, na anayelaumiwa ni yule mwenye programu ngeni, hata kama kosa liko upande wa pili. Aliyewahi kupeleka barua kwa mkubwa wa kazi ikarudishwa kwa sababu ya sura yake anaelewa uchungu huo.

Mwaka 2014 alikuja meya mpya, Dieter Reiter, ambaye mwenyewe alisema ni mshabiki wa Microsoft. Malalamiko ya wafanyakazi yakapata masikio. Mwaka 2016 ripoti ya kampuni ya Accenture, iliyoombwa na mji, ilionyesha kwamba shida kubwa zaidi zilitoka katika mpangilio wa kazi za kompyuta kati ya idara. Hata hivyo, mwaka 2017 baraza lilipiga kura kurudi Windows. (Katikati ya mambo hayo Microsoft ilihamishia makao yake ya Ujerumani ndani ya mji huo. Wengine waliunganisha mambo hayo mawili, uthibitisho hatujauona.) Mwaka 2020 vyama vilivyoungana kuongoza mji vikakubaliana tena kupendelea programu huru. Karani aliyeanza kazi mwaka 2003 amebadilishiwa njia mara tatu.

Tulinganishe na jandarma ya Ufaransa. Wao hawakuanza na Linux. Mwaka 2005 walianza na OpenOffice, wakiacha Windows mahali pake. Baadaye wakaleta Firefox kwa intaneti na Thunderbird kwa barua pepe. Jandarma alipokwisha kuzoea vyombo anavyovishika kila siku, kuanzia mwaka 2008 wakabadilisha kilicho chini, wakaweka Linux ya aina ya Ubuntu. Kufikia mwaka 2024 walikuwa na kompyuta zaidi ya 100,000 za namna hiyo. Jeshi lina amri moja, na hilo lilisaidia sana. Lakini sisi tunaona jambo kubwa zaidi ni kwamba mpango wao ulidumu ingawa wakubwa walibadilika, wakati ule wa Munich ulisimama juu ya kura ya baraza, na kura hugeuzwa.

Na huku kwetu? Hoja ya bei inakosa nguvu, tuseme wazi, kwa sababu katika biro nyingi Windows yenyewe haijalipiwa. Inakuja kwenye flashi kutoka kwa kijana wa duka la kompyuta, pamoja na virusi vyake. Ukimwambia mkubwa wa biro kwamba Linux ni ya bure, anakujibu kwamba na hii pia aliipata bure. Ni wizi, na Wakristo tunaushiriki bila kuona haya.

Lakini ipo programu huru moja ambayo serikali yetu imeipokea kweli: DHIS2. Mizizi yake iko Afrika ya Kusini, miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi. Leo inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Nchi yetu ina zoni za afya 519, na hesabu zao za kila mwezi, za malaria, za uzazi, za chanjo, zinaingia humo. Hospitali nyingi za zoni hizo ni za makanisa. Muuguzi anajaza ripoti kwenye karatasi, karatasi inafika biro kuu ya zoni kwa miguu au kwa pikipiki, na mtu mmoja anaziingiza kwenye kompyuta, umeme na intaneti vikiwapo.

Mwaka 2025 mfumo huo ulijaribiwa. Marekani ilikata misaada yake, na miradi mingi ya afya ikafungwa. Mwezi Januari na Februari vita vilifika Goma na Bukavu, ofisi na maghala yakaporwa. Hapo faida ya programu huru inaonekana: hakuna mfadhili anayeweza kuondoka na leseni, na kompyuta ikiibwa kwenye zoni, hesabu zilizokwisha kutumwa zinabaki kwenye mashini kuu. Lakini mradi ukiwa ndio uliolipa intaneti na safari za usimamizi, vitu hivyo vinaondoka nao. Programu inabaki na hakuna wa kuijaza. Mwezi mmoja bila ripoti, na surua inaweza kuenea katika vijiji vitatu kabla mtu hajaiona kwenye hesabu.

Makanisa yenye hospitali yanakaa katika vikao vya zoni vinavyopanga kazi za mwaka. Kwenye kikao kijacho tuulize waziwazi: mradi ukiisha mwezi Desemba, nani atalipa intaneti ya Januari? Na fundi wa jimbo anayeijua DHIS2, jina lake liko kwenye orodha ya mishahara ya Leta au ya mradi?