Ardhi Haizai Ardhi

Wapo miongoni mwetu hapa Daudi ambao wakisikia habari za majumba marefu ya Dar es Salaam hucheka. Husema, "Hiyo ni fahari ya matajiri. Sisi wakulima yatufaa nini?" Sisi twasema kwamba majumba hayo yanamhusu mkulima kuliko mtu mwingine yeyote, na sababu ni hizi.

Ng'ombe huzaa, mahindi huzaa, na watu huzaa; lakini ardhi haizai ardhi. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821. Mwaka 2022 walihesabiwa watu 5,383,728. Wote hao hawana budi kupata pa kulala. Mji wa nyumba za chini hutambaa kama moto wa nyika, ukila mashamba, na kila unapofika, barabara, bomba la maji na waya wa umeme havina budi kuufuata. Nani alipaye gharama hiyo? Ni mwananchi, kwa kodi yake na kwa nauli yake ya kila siku.

Jengo la ghorofa 20 lina kiwanja kimoja na paa moja. Bei ya kiwanja hugawanywa kwa ghorofa zote, na bomba moja huwanywesha wengi. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa Chicago wajenge jengo la ghorofa 10 mwaka 1885: viwanja vya katikati ya mji vilikuwa ghali, na lifti ilikwisha kupatikana. Leo Dar es Salaam nayo ina majengo ya ghorofa zaidi ya 30, kama lile la Mamlaka ya Bandari na minara miwili iliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF.

Wengine watasema ati si desturi yetu. Desturi gani? Wazee wa Kiiraqw walichimba nyumba zao ubavuni mwa mlima, wakaezeka kwa udongo, ili wavamizi wasizione. Walijenga chini kwa haja. Nasi twajenga juu kwa haja. Tena wazee wa Kainam walipobanwa na uhaba wa ardhi hawakukaa wakilia. Walitia samadi, wakazuia maji yasichukue udongo, wakavuna zaidi katika shamba lile lile. Ghorofa ni akili hiyo hiyo iliyohamia mjini.

Hata hivyo hatusifu urefu kwa ajili ya urefu. Burj Khalifa ya Dubai ina mita 828, na zaidi ya mita 200 za juu hakai mtu. Fahari hiyo si yetu. Kadiri jengo linavyopanda, nguzo hunenepa, lifti hula nafasi, na maji hutaka mashine ya kuyasukuma. Wapangaji wasipopatikana ni hasara, na fedha ikiwa ni akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, hasara ni yao. Wala tusisahau tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka likaua watu 36. Jengo refu lataka fundi mwaminifu, na mkaguzi asiyefumbwa macho kwa rushwa.

Sasa turudi nyumbani. Kata yetu ya Daudi imo katika Halmashauri ya Mji wa Mbulu. Mji waja, tupende tusipende. Hatudai mnara hapa Daudi. Atakayeujenga atakuwa amepotea njia. Twadai kwamba maduka, ofisi na nyumba za kupanga za mjini Mbulu zijengwe kwa ghorofa mbili, tatu hata nne, katika viwanja vilivyokwisha kupimwa, na mashamba ya mahindi na maharage yaachwe yalimwe. Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, penye watu wengi na viwanja ghali, wapande juu zaidi.

Baba mwenye wana watano akigawa shamba lake, kila mmoja apata kipande. Wale watano wakigawa tena, wajukuu wapate nini? Tukifunika udongo huu kwa mabati leo, kesho hakuna atakayeufunua. Basi ndugu, kikao cha kijiji kitakapoitwa kuzungumza habari za viwanja, tusibaki majumbani. Twende, tuseme: mji upande juu, shamba libaki shamba.