Ngoma za shuleni zifike Kasarani

Kuna jambo moja katika kandanda ya nchi hii ambalo hunishangaza kila ninapolitafakari. Mkenya yule yule ambaye alipokuwa katika shule ya upili aliishangilia timu ya shule yake hadi sauti ikamkauka, aliyepiga debe, akacheza, akatunga papo hapo wimbo wa kumkejeli mlinda lango wa wapinzani, akishapata kazi na nauli ya kumfikisha Nairobi huketi katika uwanja wa taifa akiwa amekunja mikono kifuani mithili ya shahidi anayesubiri kuitwa kizimbani. Bao likifungwa hupiga makofi. Lisipofungwa hutazama simu yake. Ule ufundi wote wa kushangilia aliojifunza shuleni aliuacha wapi?

Nalileta swali hili mbele ya walimu na wanafunzi, wala si mbele ya wakuu wa kandanda, kwa sababu naamini jibu lake limo mikononi mwetu. Mimi hufundisha hapa Kianjokoma, kwenye miinuko ya Embu, ambako mashamba ya majani chai hupanda hadi karibu na msitu wa Mlima Kenya na ambako sitarajii kuona mechi ya kimataifa ikichezwa katika uhai wangu. Yamkini msomaji atauliza: mtu wa Kianjokoma ana haki gani ya kuwafunza watu wa Nairobi namna ya kushangilia? Anayo. Timu inaitwa Harambee Stars, haiitwi Nairobi Stars.

Tarehe 27 Septemba 2023, Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Tangu siku hiyo tumesikia mengi kuhusu saruji, nyasi, taa na paa. Ujenzi wa uwanja wa Talanta, uliopangiwa viti 60,000, ulianza mwaka 2024. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, ni wachache mno wanaozungumza juu ya watu watakaoketi katika viti hivyo: watavaa nini, wataimba nini, na nani atakayewaongoza. Kiti hakiimbi.

Wala tusisahau tulikotoka. Mwezi Juni 2024 Harambee Stars ilikuwa mwenyeji wa Burundi, na siku chache baadaye wa Côte d'Ivoire, katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Dunia. Zote mbili zilichezwa Lilongwe, nchini Malawi, kwa kuwa viwanja vyetu havikuwa vimefikia viwango vinavyotakiwa na CAF. Tulitoka sare 1-1 katika ile ya kwanza na 0-0 katika ile ya pili. Mwezi Septemba na Oktoba mwaka uo huo tuliwapokea Zimbabwe na Cameroon mjini Kampala. Ni mwenyeji wa namna gani huyu anayewakaribisha wageni wake katika nyumba ya jirani? Kijana aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne wakati huo aliijua timu yake ya taifa kama kitu cha kutazamwa kwenye runinga, sawa na timu za Uingereza, ila kwa picha hafifu zaidi.

Kisha likaja lile shindano la Agosti 2025, Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani (CHAN), tuliloliandaa pamoja na hao hao Tanzania na Uganda. Tuliichapa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0 uwanjani Kasarani, tukatoka sare na Angola, na tarehe 10 Agosti tukakutana na Morocco. Ningependa kila mwalimu wa michezo aikumbuke mechi hiyo. Ryan Ogam alifunga bao kabla ya mapumziko, na muda mfupi baadaye, bado katika kipindi hicho hicho cha kwanza, Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu. Wachezaji kumi walibaki na kipindi kizima cha kulinda bao moja mbele ya taifa lililokwisha kulitwaa kombe hilo mara mbili. Walililinda. Sikuwapo uwanjani siku hiyo. Nilikuwa sokoni hapa Kianjokoma, katika ukumbi ambao Jumamosi hujaa mashabiki wa Arsenal na Manchester United, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi niliwasikia watu wakiimba jina la Kenya badala ya jina la mji wa Uingereza. Kila Mmorocco alipougusa mpira, mlio kutoka Kasarani ulitufikia kupitia runinga kama upepo katika miti. Ukumbi mzima uliuitikia.

Wanaosema kwamba kelele hazifungi mabao wanasema kweli nusu. Mwaka 2020, ligi za Ulaya ziliporejea bila mashabiki kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, wataalamu walipata nafasi adimu ya kulichunguza suala hili. Nchini Ujerumani timu za nyumbani zilianza kushinda mara chache kuliko kawaida, na uchunguzi wa mechi hizo ulionyesha kwamba marefa waliwapa wageni kadi chache kuliko walipokuwa wakipigiwa kelele. Mwenyeji asiye na sauti, basi, ameitupa silaha yake mwenyewe kabla ya filimbi ya kwanza.

Lakini mechi ile ile ya Morocco ilituletea fedheha. Watu wasiokuwa na tiketi waliyavamia malango na wakaingia. CAF ilitutoza faini, na kwa mechi iliyofuata dhidi ya Zambia ikapunguza idadi ya watazamaji hadi 27,000 katika uwanja unaochukua takribani 48,000. Kwa maneno mengine, mashabiki waliowasukuma wachezaji kumi hadi kwenye ushindi ndio waliowanyima wenzao maelfu ya viti wiki moja baadaye. Hapa ndipo shangwe inapopaswa kutengwa na fujo, na mstari baina ya viwili hivyo si mwembamba kama wengi wanavyodhani. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu saba walikufa kwa kukanyagana uwanjani Nyayo, katika mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Waliokufa walikuwa wamekuja kutazama mpira. Kwa hiyo ninapohimiza rangi na sauti nahimiza mambo yanayohitaji maandalizi na utulivu, kwa maana huwezi kupiga ngoma huku ukisukumana langoni.

Nianze na mavazi. Katika mechi yoyote ya Harambee Stars utawaona watu waliovaa fulana za vilabu vya Ulaya, wengine wakiwa wamewaleta watoto wao wakiwa wamevaa vivyo hivyo. Sidhani wanaichukia nchi yao. Wamevaa tu walichonacho, kwa kuwa fulana ya Chelsea hupatikana katika kila soko la mitumba na ya Kenya haipatikani hata Embu mjini bila kutafutwa. Lakini hakuna aliyelazimishwa kuvaa fulana ya mchezaji. Bendera yetu ina rangi nne, na kila mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kukuambia maana ya nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe. Shati lolote jekundu latosha. Upande mmoja wa uwanja ukiamua kuvaa nyekundu tupu, mgeni atakayeingia atajua amefika kwa watu.

Kuna mbinu nyingine ambayo ni rahisi mno, na naistaajabia kwa kuwa tunayo vifaa vyake katika kila stoo ya shule: karatasi za manila. Kila mtu katika safu anapewa karatasi ya rangi moja. Ishara itolewapo, wote huziinua juu ya vichwa kwa pamoja, na jukwaa zima linakuwa bendera. Huko Ulaya na Afrika Kaskazini mashabiki hufanya hivi kwa ustadi mkubwa baada ya kuchora ramani ya viti wiki kadhaa kabla ya mechi. Ni hesabu za jedwali za darasa la saba. Mwalimu wa sanaa na wa hisabati wangeweza kuifanya kazi hiyo alasiri moja.

Sasa nizungumzie ngoma, ambazo ndizo hasa zilizonifanya niandike. Anayewajua mashabiki wa AFC Leopards anaijua isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho wa Magharibi, ambazo mwaka 2014 shirika la UNESCO liliziweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Zimeingia katika mechi za timu ya taifa pia, na ni vyema. Lakini Kenya ina ngoma moja tu? Hapa kwetu, ukivuka mito michache kuelekea kaskazini, unafika Chuka, ambako wapigaji hubana ngoma ndefu baina ya miguu, wakainama nazo na kuzipiga huku wakicheza, kwa mdundo unaoweza kumwinua mgonjwa kitandani. Wamealikwa katika sherehe nyingi za taifa kuwatumbuiza wakubwa. Sijawasikia Kasarani wakimtetemesha mlinda lango wa Ghana au wa Misri. Ziko wapi pia zumari za Pwani, kayamba za Wagiriama, njuga za Wakamba?

Walimu wenzangu wanajua ziko wapi. Zimefungiwa stoo, zikisubiri Tamasha la Muziki. Kila mwaka shule zetu hutumia miezi kuwafunza watoto nyimbo za kienyeji, kuwashonea mavazi, kuwanoa viongozi wa nyimbo na waitikiaji, kisha baada ya majaji kutoa alama kila kitu kinarudishwa sandukuni. Tunao vijana wenye ujuzi ule hasa unaokosekana katika jukwaa la Kasarani: kumpata mmoja wa kuanzisha, na elfu moja wa kuitikia kwa wakati mmoja. Uwanja ule, kama wa Nyayo, una njia ya wakimbiaji inayoyatenga majukwaa na nyasi, na sauti ya mtu mmoja mmoja hupotea katika nafasi hiyo. Sauti zilizopangwa hazipotei.

Wala si lazima kila kitu kiwe kelele. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025, aliyezungumziwa kuliko wachezaji wengi alikuwa shabiki mmoja wa Kongo, Michel Kuka Mboladinga, aliyevaa suti na kusimama mkono mmoja juu, bila kutikisika mechi nzima, kama sanamu ya Patrice Lumumba. Mtu mmoja, bila hata kuimba, aliufundisha ulimwengu historia ya nchi yake kwa dakika tisini. Mwalimu wa historia asiyeuonea wivu ufanisi huo sijamwona. Nasi tulikuwa na Isaac Juma, aliyejipaka rangi mwili mzima na kuzunguka viwanja kwa miaka mingi akiwashangilia Leopards na Harambee Stars, hadi alipouawa nyumbani kwake mnamo Januari 2022. Tulimcheka, tukampiga picha, na ni wachache waliojifunza kutoka kwake.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 120, mechi nyingi huchezwa jioni, na hakuna mwalimu mkuu mwenye akili timamu atakayekubali basi la wanafunzi literemke Kasarani usiku kurudi Embu. Pingamizi hiyo ni ya haki na siipuuzi. Ndiyo sababu nasema tuanze na mechi za mchana, na tuanze na timu zinazosahaulika. Mwezi Juni 2024 wasichana wetu wasiozidi umri wa miaka 17, wengi wao wakiwa bado madarasani, waliishinda Burundi katika uwanja wa Ulinzi mjini Nairobi, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufuzu kwa fainali zozote za Kombe la Dunia. Uwanja ule ni mdogo. Shule tano zenye ngoma zingeweza kuujaza kwa sauti. Mwezi Oktoba 2025 dada zao wakubwa, Harambee Starlets, waliifunga Gambia 3-1 uwanjani Nyayo na baadaye wakafuzu kwa Kombe la Afrika. Wasichana ninaowafundisha wangefaidika zaidi kwa kuwashangilia wale kuliko kwa hotuba zangu kumi za kuwatia moyo.

Jambo jingine linanikera. Shangwe zetu ni za ushindi pekee. Tarehe 5 Septemba 2025, wiki mbili baada ya Madagascar kutuondoa katika CHAN kwa mikwaju ya penalti, Gambia ilitufunga 3-1 Kasarani, na wiki nzima katika soko letu sikusikia ila matusi kwa wale wale waliokuwa mashujaa mwezi Agosti. Siku nne baadaye waliifunga Ushelisheli mabao matano bila jibu. Katika mashindano ya shule, timu ikifungwa ndipo wanafunzi huimba kwa nguvu zaidi, kwa kuwa wale walio uwanjani ni wenzao wa darasa na watakula nao chakula cha jioni.

Wakuu wa kandanda hatuwaombi fedha. Watutengee safu chache za viti pamoja, upande mmoja, badala ya kututawanya uwanja mzima kwa bahati ya tiketi. Waweke wazi ni vyombo gani vinavyoruhusiwa langoni, ili mtoto asinyang'anywe kayamba aliyoibeba kutoka Embu. Na tarehe ya mechi itangazwe mapema, si siku tatu kabla, ili barua za wazazi ziandikwe na basi likaguliwe. Manila tutanunua wenyewe.