Juni tunaiona huku Namswea

Mwandishi, hapo uliposema nyota za jirani hatuwezi hata kuzinyooshea kidole, sikubaliani. Huku Namswea, Juni saa 3 usiku tukishamaliza kukoboa kahawa, Alpha Centauri inawaka upande wa kusini. Walioko London hawaioni kabisa. Mwenzake Proxima haonekani kwa macho, lakini yuko palepale, miaka 4.2 ya mwanga, na sayari yake iliyogunduliwa 2016 humzunguka kwa siku 11 tu. Wasiwasi wangu ni ile milipuko ya Proxima, huenda imeshapeperusha hewa yote ya sayari hiyo. Na ndugu hapo juu unayeulizia sayari ya Tanzanite: jina hilo Watanzania walilichagua kweli 2019, na nyota yake ikaitwa Mpingo, ila sayari yenyewe ni dude la gesi linalotokota, ukubwa wa kuizidi Jupita. Huko usihamie.