Baiskeli ya Kwendea Kazini

Katika mkutano wa chama wa mwezi uliopita lilizuka neno ambalo halikupata nafasi ya kumalizwa, kwa kuwa jua lilikuwa limekuchwa na wengine walikuwa na haraka ya kuwahi basi. Mwanachama mmoja aliomba mfuko wetu wa akiba uwakopeshe makarani fedha za kununulia baiskeli. Wengi walicheka. Mmoja akasema kwamba karani aliyevaa tai hapandi baiskeli ila amefilisika. Twaona imetupasa kulirudia neno hili kwa utulivu, maana baadhi ya waliocheka ndio wale wale wanaokuja kuomba karadha ya nauli kabla mwezi haujaisha.

Na tuhesabu kidogo, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yetu. Mwenye kupanda basi moja kwenda na moja kurudi, kwa siku 22 za kazi, alipa nauli 44 kwa mwezi, nazo ni 528 kwa mwaka, tukiiacha likizo. Mwenye kubadili gari njiani alipa maradufu. Kila msomaji na azidishe kwa nauli ya njia yake, kisha aende akaulize bei ya baiskeli ya mtumba iliyo nzima. Hatutamwandikia jibu.

Lakini si kila baiskeli yafaa, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Makarani waliotutangulia walipanda baiskeli kubwa nyeusi ya chuma, yenye breki za fimbo na gia moja. Baiskeli ile haikufa. Hata leo yachukua maji na mkaa kote nchini, wala hatuna ugomvi nayo. Ila uzito wake wafika kilo 20 au kupita, na mwenye kutoka Kivukoni kurudi Kimara jioni ataijua kila kilo pale barabara ya Morogoro inapoanza kupanda baada ya Ubungo. Ile ya milimani, yenye tairi nene za meno makubwa, huvuma juu ya lami kama nyuki na kula nguvu za mpandaji bure. Nayo ya mashindano, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, haipatani na mashimo yetu.

Katikati ya hizo ipo aina iliyoenea Ulaya na Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1980, ambayo wauzaji waiita haibridi, yaani chotara. Usukani wake umenyoka, mpandaji hukaa karibu wima akayaona magari, na tairi zake, zenye upana wa milimita 35 hadi 42 hivi, zastahimili lami na changarawe pia. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 12 mpaka 15. Hiyo ndiyo tunayomsifia mtu wa ofisi, mradi ajue kuichagua.

La kwanza ni gurudumu, na hapa sisi wenyewe tuliungua. Tairi ya nyuma ilipokwisha tulikwenda dukani tukaomba ya ishirini na nane, tukapewa ya ishirini na nane, tukalipa. Fundi alipoivika ikalegea kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Alipotia upepo ikachomoka, na mpira wa ndani ukapasuka kwa kishindo mbele ya watu. Kumbe baiskeli ile nyeusi ya zamani na hii haibridi zote huitwa 28, lakini rimu ya ile ina kipenyo cha milimita 635 na ya hii milimita 622. Hazipeani tairi. Tazama ubavuni mwa tairi, utaona tarakimu kama 37-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipimo cha rimu. Vivyo hivyo baiskeli nyingi zitokazo Japani zenye 26 zina rimu ya 590, ambayo si sawa na 559 ya baiskeli za milimani. Basi, kabla ya kulipia baiskeli, andika tarakimu hizo, zunguka maduka matatu, uone kama tairi yake yapatikana.

La pili, usidanganywe na wingi wa gia. Gia tatu mbele na saba nyuma hufanya 21, na nyingi kati yake zarudia kazi ile ile. Meno 38 mbele, na nyuma meno 14 hadi 28, yamtosha mtu wa mjini. Shokapu za mbele katika baiskeli za bei ndogo ni uzito mtupu, nazo zikifa hazina fundi.

Kwa iliyotumika, chukua rula ya ofisini yenye inchi 12. Uweke mwanzo wake katikati ya msumari mmoja wa mnyororo. Msumari wa 24 baada ya huo uangukie inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, mnyororo umekwisha, na huenda meno ya gia yamelika pamoja nao. Kagua fremu chini ya usukani, mahali mabomba yanapoungana: rangi iliyokunjamana au ufa ni dalili ya ajali, na hapo rudisha mkono mfukoni. Zungusha magurudumu, kaza breki. Kisha simama juu ya fremu, miguu chini. Pasiwe na bomba linalokugusa. Mabibi makarani watafute fremu iliyoinama katikati. Si duni hata kidogo, na wanaume wenye kanzu wangeweza kuifuata.

Twajua hofu iliyobaki si ya bei, bali ya magari na ya jasho. Taa mbele na nyuma, kengele na madigadi kwa ajili ya masika ni sehemu ya bei, wala mkopo usihesabiwe bila hivyo. Kuhusu jasho, twaiomba Halmashauri yetu iandike kwa wakubwa wa idara kuomba vitu viwili tu: chuma cha kufungia baiskeli mahali penye mlinzi, na chumba chenye bomba la maji. Shati la pili kila mtu ataleta lake.

Makatibu wa matawi watuletee majina ya wanaotaka mkopo kabla ya mkutano ujao. Mbele ya kila jina iandikwe bei aliyotajiwa, masafa ya nyumbani hadi kazini, na tarakimu za ubavuni mwa tairi. Fomu isiyo na tarakimu hizo itarudishwa.