Nuru ya Picha na Stara ya Chumba



Binti yetu mmoja wa Mombasa, aliyeolewa Kitengela, ametuletea swali. Ametenga chumba nyumbani kwake awapige picha wanawake wenzake wa huko na wa Kajiado mjini, hasa mabibi harusi wasiopenda kupigwa picha na wanaume. Kwa ajili ya stara amefunga madirisha kwa mapazia mazito. Matokeo yake, nyuso hutoka na giza, na buibui huonekana kama doa jeusi lisilo na umbo. Auliza: je, lazima achague baina ya nuru na stara?

La, mwanangu. Mchana, pazia jeupe jepesi hukupa yote mawili. Maadamu nje kuna mwanga kuliko ndani, apitaye hakuoni, nawe wapata nuru laini. Mkalishe mwenzio karibu na dirisha, ubavu ukielekea pazia. Upande wa pili simamisha shuka nyeupe irudishe nuru kwenye shavu lenye kivuli. Zima taa ya dari, kwani manjano yake yakichanganyika na mwanga wa mchana, uso hutoka rangi mbili.

Usiku mambo hugeuka: taa ikiwaka ndani, pazia jepesi humwonyesha aliye nje kila kitu. Hapo shusha pazia zito, utumie taa moja. Iweke juu kidogo ya macho, baina ya mbele na ubavuni, na mbele yake tandaza kitambaa cheupe kipana kisichogusa balbu. Kitambaa kikiwa kipana na karibu, vivuli hulainika. Nao umbali una hesabu yake: ukiisogeza taa ndogo kutoka mita 1 hadi mita 2, nuru usoni hubaki robo, si nusu.

Ama buibui, nguo nyeusi humeza mwanga. Usiongeze nuru hadi uso ukapauka. Pima kwa uso, kisha acha nuru ipite kutoka ubavuni, na mikunjo na nakshi zitajitokeza. Msogeze mwenzio mbali kidogo na ukuta, nao usiwe mweusi.

Lakini stara haiishii taa inapozimwa. Zamani picha ya bibi harusi ilifungiwa sandukuni. Leo hukaa simuni, na ikishatumwa hairudi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 yaihesabu picha ya mtu kuwa habari yake binafsi. Usiitangazie biashara bila ridhaa yake. Mkabidhi picha zake, kisha zifute mbele ya macho yake, pamoja na zile ambazo simu huziweka kando baada ya kufutwa, na nakala zinazojituma zenyewe kwenye intaneti.

Atakayeingia chumbani mwako amekuamini kwa uso wake na nywele zake. Hiyo ni amana.

Wabillahi tawfiq.