Abiria, Tuzushe Pamoja

Wakenya wenzangu, sisi tunaopanda matatu na mabasi ndio tunaojua mwendo wa dereva kabla ya polisi yeyote. Tunauona kwenye mshale wa spidi, tunausikia matairi yanapolia konani, tunaujua pale mama wa kiti cha nyuma anapombana mtoto wake kifuani. Kisha tunanyamaza. Nawaomba tuache kunyamaza.

Gari la abiria halifai kuzidi kilomita 80 kwa saa. Tangu kanuni za Waziri John Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, kila matatu inatakiwa iwe na kidhibiti mwendo. Lakini kifaa hicho huchezewa gerejini, na ukifika kwenye kizuizi cha polisi, gari limeshapunguza mwendo kwa sababu dereva anayetoka upande ule amemmulikia mwenzake taa. Anayebaki na dereva safari nzima ni abiria.

Tupige hesabu. Kwa mwendo wa 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Kwa 110 linakula mita 30, na dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kumwona ng'ombe barabarani na kufikisha mguu kwenye breki. Likigonga, kishindo cha 110 kinakaribia mara mbili ya kile cha 80. Yote hayo ili tufike Nakuru kutoka Nairobi nusu saa mapema, tena kama barabara ni nyeupe.

Na sauti yetu inafanya kazi. Jambo hili limepimwa hapa hapa nchini. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walisambaza vibandiko vya kuwekwa ndani ya matatu, vikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Magari yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Yalipolinganishwa na yale yasiyopewa vibandiko, madai ya bima yalikuwa yamepungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Mradi ulipopanuliwa kwa jina la Zusha, yakapungua tena kwa robo hadi theluthi. Barabara zilikuwa zilezile, madereva walewale. Kilichoongezeka ni watu waliopewa ruhusa ya kusema.

Najua kinachotuziba mdomo. Abiria mmoja akilalamika, huambiwa akanunue gari lake, na sisi wengine tunainamia simu. Hapo ndipo tunapomwangusha. Akisema wa kwanza, wa pili adakie papo hapo, kisha wa tatu. Dereva anaweza kumpuuza mzee mmoja wa dirishani. Gari zima hawezi. Tumwambie kwa heshima, "Dere, punguza, tuna watoto humu," na tuseme mapema, kabla hajaanza kupita malori kwenye mlima. Akipunguza, tumshukuru. Wala tusiwe sisi wa kumwambia akanyage mafuta kwa kuwa tumechelewa kutoka nyumbani.

Tunawasemea pia walio nje ya gari. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliwavamia watu kwenye makutano ya Londiani, wakiwemo wachuuzi waliokuwa wakitafuta riziki kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Mchuuzi aliyeinama juu ya bidhaa zake hana namna ya kumwambia dereva apunguze mwendo.

Wenye matatu, nanyi mna sehemu yenu. Dereva anayedaiwa kiasi kisichobadilika kila jioni, kuwe na msongamano au mvua, atakitafuta kwa mguu wa kulia. Kipunguzeni, au mlipeni mshahara. Halafu andikeni namba ya simu ya sacco nyuma ya kiti chake, kwa herufi ambazo mtu wa kiti cha mwisho anaweza kuzisoma, na simu ikilia usiku, ipokeeni.