Mafunzo ya Walimu Yapimwe Darasani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Barabara ikijengwa, watu huiona. Kisima kikichimbwa, watu huteka maji. Lakini mwalimu akiongezewa elimu, kilichonunuliwa kwa fedha ya umma hakionekani mpaka mtoto wa darasa la pili aweze kusoma ukurasa ambao hakuwahi kufundishwa. Kwa sababu hiyo, mafunzo ya walimu walio kazini hayana budi kupimwa kwa uangalifu hata kuliko barabara na visima.

Kwetu Ufipa jambo hili si geni. Rukwa ni mmoja wa mikoa tisa iliyoingizwa katika mpango wa Shule Bora, ulioanza 2022 kwa msaada wa Uingereza. Upo pia utaratibu wa nchi nzima uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Tena Januari 2024 mitaala mipya ilianza kutumika, na mtaala mpya mikononi mwa mwalimu asiyeandaliwa ni karatasi tu. Basi tangu Laela hata Namanyere, Kirando ufukweni na Mtowisa bondeni, kila mwalimu anahusika, na kila mzazi.

Wala nchi yetu haianzi leo. Katika miaka ya 1970 mpango wa MTUU uliwatuma wakufunzi watembezi kuwafuata walimu shuleni mwao. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, walimu zaidi ya 35,000 walifuzu huku wakifundisha vijijini, wakisoma kwa posta, kwa redio na kwa msaada wa wakufunzi. Hiyo ni kazi ya kujivunia, kwa maana bila walimu hao milango ya shule isingefunguka kwa watoto wa wakulima. Lakini hesabu ile ilitujulisha tumepata walimu wangapi. Haikutujulisha watoto walijua nini. Hesabu hizo ni mbili, na tusizichanganye.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza kwamba mafunzo ya kazi yoyote yaulizwe maswali manne. Je, waliofundishwa waliyapenda? Je, walijifunza kitu? Je, waliporudi kazini walitenda tofauti? Je, kazi yenyewe ilizaa zaidi? Baadaye mwenzake Thomas Guskey, akiandika juu ya walimu hasa, aliongeza swali jingine: je, shule ilimsaidia mwalimu kuyatumia aliyoyapata? Swali hilo lina uzito mkubwa kwetu. Mwalimu aliyefunzwa kuwagawa watoto katika vikundi vidogo atafanya nini akirudi kwenye chumba kilichojaa mpaka mlangoni? Aliyefunzwa kwa kishikwambi atajisomea vipi mahali pasipo umeme wala mtandao?

Kosa kubwa ni kuishia swali la kwanza. Majina huandikwa, posho hulipwa, vyeti hutolewa, picha hupigwa, na taarifa husema mafunzo yamefana. Mkulima wa Ufipa hafanyi hivyo. Yeye hufukia majani ndani ya tuta, hungoja yaoze, ndipo hupanda. Na msimu ukiisha hahesabu matuta aliyoyainua, huhesabu magunia. Asiyepata mavuno huchunguza kama kasoro ni ya mbegu, ya udongo au ya mvua.

Uchunguzi wa namna hiyo una masharti yake. Matokeo ya mtihani peke yake hayatoshi, maana mtoto anayezungumza Kifipa nyumbani na kukutana na Kiswahili cha vitabu shuleni haanzi mahali pamoja na mtoto wa mjini Sumbawanga. Yafaa watoto wapimwe kabla ya mwalimu wao kufunzwa, wapimwe tena baadaye, na walinganishwe na wa shule ambayo zamu yake haijafika. Kazi hiyo inawezekana. Kenya, katika mpango wa Tusome ulioanza 2015, maofisa waliingia madarasani, wakatazama somo, wakawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha wakazungumza na mwalimu papo hapo. Kwao kupima na kufundisha vilikuwa kazi moja.

MEWAKA nayo ina jambo jema: walimu hukutana shuleni mwao kujadili masomo yanayowashinda, badala ya kungojea semina ya mbali. Lakini kikao nacho chaweza kugeuka alama tu katika daftari. Kipimo chake ni kama somo la Jumatatu limebadilika kwa sababu ya mazungumzo ya Ijumaa.

Tunatoa onyo moja. Tathmini isigeuzwe fimbo. Mwalimu akiogopa, atamwonyesha mgeni somo la maonyesho, na siku ya pili atarudia desturi yake. Tunachopima ni mafunzo. Walimu kumi waliotoka semina moja wakishindwa jambo lile lile, mwenye kuulizwa kwanza ni aliyeiandaa semina. Mwalimu awe na uhuru wa kusema, "Hili sikulielewa," bila kuhofia cheo chake.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kila fungu la fedha za mafunzo litengwe na sehemu ya kuwafuata walimu madarasani, hata bondeni wakati wa masika. Maofisa elimu wa kata wapewe usafiri na muda wa kazi hiyo. Na matokeo yasomwe mbele ya wazazi katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili chepesi: watoto wangapi walikuwa hawajui kusoma, na wangapi sasa wanajua.

Wafanyakazi na wakulima ndio wanaolipia gharama hii, kwa kodi zao na kwa miaka ya watoto wao. Fedha iliyopotea yaweza kutafutwa tena. Mwaka wa mtoto ukipita haurudi.